Kabla Hujainua Detekta Gilgil

Vijana wa Gilgil na Naivasha wanaponijia kuhusu detekta ya metali huuliza mambo mawili: ninunue ipi, na nifanyeje ifike chini zaidi? Ni maswali halali na nitayajibu. Lakini kwa mtu wa Gilgil yapo mengine mawili yanayotangulia, na asiyeyajibu atatupa pesa zake au atajikuta kortini: unatafuta nini, na ardhi hiyo ni ya nani?

Mashine yenyewe si ngeni kwetu. Tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013, kupapaswa na kijiti kinacholia kikikuta funguo kumekuwa jambo la kawaida kwenye milango ya supamaketi na hoteli. Ile ya shambani, yenye mpini mrefu na koili ya duara chini, hufuata kanuni iyo hiyo. Umeme unaobadilikabadilika hupitishwa kwenye koili, uga wa sumaku unazaliwa na kushuka ardhini, na ukikuta metali unaamsha ndani yake vijimkondo vya umeme. Vijimkondo hivyo navyo hutoa uga wao mdogo, na huo ndio mashine inaousikia. Haioni dhahabu, wala haijui thamani ya kitu. Inachojua ni kwamba chini kuna kitu kinachopitisha umeme au chenye tabia ya sumaku.

Sasa tuseme ukweli kuhusu dhahabu. Dhahabu ya Kenya iko kwingine: Migori, Kakamega ambako watu walimiminika mwanzoni mwa miaka ya 1930, Lolgorian kule Narok, na sehemu za Turkana. Gilgil imekaa juu ya majivu ya volkano, miamba ya lava, mawe meusi ya obsidiani na ule udongo mweupe mwepesi wa diatomaiti unaochimbwa Kariandusi. Anayekuuzia detekta kwa ahadi ya dhahabu ya Gilgil anakuuzia uongo.

Hadithi za mali iliyofukiwa na wazungu nazo zimejaa. Ni kweli kwamba mji huu umepitiwa na watu wengi. Reli ya Uganda ilipita hapa kabla ya kufika Kisumu mwaka 1901, na baadaye tawi likakata kutoka Gilgil kwenda Thomson's Falls, Nyahururu ya leo. Vita vya Pili vya Dunia vilileta kambi za wanajeshi, na makaburi yao yangalipo. Kati ya 1947 na 1948 Waingereza waliwazuilia hapa wapiganaji wa Kiyahudi waliowatoa Palestina, na mmoja wao, Yaakov Meridor, alitoroka na wenzake mwaka 1948. Watu wa namna hiyo huacha nyuma vifungo, mikebe, nyaya na maganda ya risasi. Masanduku ya dhahabu hawakuwa nayo ya kuacha. Ukiwa na bahati utapata senti za Afrika Mashariki zilizoanza kutumika miaka ya 1920, zile zenye tundu katikati: ndururu, yaani senti tano, au peni ya senti kumi. Ni za shaba nyeusi, zinakaa ardhini miaka mingi bila kuoza, na detekta huzisikia vizuri sana.

Hazina kubwa ya Gilgil ni ya mawe, na detekta ni kiziwi kwayo. Kariandusi, kilomita chache kutoka mjini ukielekea Elementaita, ndiko Louis Leakey na wenzake walikokuta mwaka 1928 mashoka ya mkono ya obsidiani na lava, yaliyochongwa na watu wa kale yapata miaka milioni moja iliyopita. Koili yako ikipita juu ya shoka la obsidiani itanyamaza kimya. Lakini jembe lako, ukifuata mlio wa msumari uliolala kando yake, linaweza kulivunja au kulihamisha kutoka tabaka lake, na likishahama limepoteza karibu kila lililokuwa nalo la kutuambia. Kwenye uchimbaji wa Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ambako Mary Leakey alifanya kazi mwaka 1937 na 1938, zilipatikana hata sarafu za Kihindi. Sarafu kama hizo mkononi mwa mchuuzi ni vipande vya metali tu. Ndani ya udongo, pamoja na vigae na mifupa iliyo jirani yake, ni ushahidi kwamba watu wa Bonde la Ufa walifikiwa na bidhaa za pwani.

Ndiyo maana sheria ni kali. Chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni cha kale, na kutafuta vitu hivyo kwa kuchimba au hata kwa kuchakura juu juu kunahitaji leseni. Ukikipata bila kukusudia, una siku saba za kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa, ukieleza mahali hasa na jinsi ulivyokipata. Wengi wetu tumelelewa na video kutoka Uingereza, ambako mwaka 2009 Terry Herbert alikuta dhahabu ya Staffordshire kwa detekta, ikathaminiwa zaidi ya pauni milioni tatu, na malipo yakagawanywa kati yake na mwenye shamba. Ile ni sheria ya Uingereza. Hapa cha kale kilicho ardhini ni cha serikali kwa niaba yetu sote, na usijenge ndoto juu ya zawadi. Madini nayo yana sheria yake, ya mwaka 2016: kumiliki shamba hakukupi madini yaliyo chini yake, na kuyatafuta kunahitaji kibali.

Kwa hiyo weka mipaka yako kabla ya kutoka nyumbani. Kariandusi na kingo zake, usiende na detekta. Hifadhi za Ziwa Elementaita, usiende. Kambi za jeshi na makaburi ya vita, usiyasogelee kabisa. Kandokando ya reli pia kaa mbali, kwa sababu nyingine: tangu serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu Januari 2022, kisha ikairuhusu tena mwezi Mei kwa masharti makali, mtu anayeonekana na kipande cha reli au waya wa shaba ana maswali mengi ya kujibu, na kusema ulikichimba tu hakutakusaidia.

Nini kimebaki? Kimebaki kingi: mashamba ya watu, viwanja vya nyumba, viwanja vya mpira, boma za ng'ombe. Ruhusa iombe kwa mwenye shamba mwenyewe. Usimpitie kijana wake au mlinzi. Mwendee mzee au shosho nyumbani, kaa, eleza mashine ni nini, muoneshe ikilia kwenye bangili yake, na mwambie mapema kitakachopatikana kitakuwa cha nani. Mkikubaliana, andikeni mistari miwili mtie sahihi. Kisha pita kwa mzee wa mtaa umjulishe. Hili la mwisho vijana hulidharau, lakini mtu anayetembea polepole shambani amevaa hedifoni huku akitikisa mpini huwatia watu wasiwasi, na uvumi kwamba fulani anachungulia mali chini ya ardhi ya watu husambaa haraka kuliko maelezo yako.

Sasa tuje kwenye mashine.

Detekta za kawaida za burudani hutumia masafa ya chini, kati ya kilohezi 3 na 30, zikituma na kupokea kwa wakati mmoja. Uzuri wake ni kubagua: zinaweza kukisia kama kilicho chini ni chuma au ni shaba, fedha na alumini. Udhaifu wake ni udongo wenye sumaku, na hapo ndipo Gilgil inapotofautiana na bustani za Uingereza unazoziona kwenye video. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, ifunge kwa karatasi, ivute kwenye mtaro ambako maji ya mvua yamepita. Tazama karatasi: chembe nyeusi zitakuwa zimesimama kama manyoya. Hizo ni chembe za oksidi ya chuma kutoka kwenye miamba ya volkano, na detekta inazisikia kila inapopita. Mahali penye chembe nyingi mashine hulia bila sababu, au hukaa kimya juu ya sarafu iliyo sentimita 10 tu chini.

Kwa hiyo unaponunua usiangalie kwanza namba ya kina iliyoandikwa kwenye kasha. Angalia kama mashine inakuruhusu kuisawazisha na ardhi mwenyewe, kwa mkono. Zile za bei nafuu zilizosawazishwa kiwandani ziliwekwa kwa udongo mpole, nasi hatuna udongo huo. Kusawazisha ni rahisi. Tafuta mahali pasipo na metali, pandisha na kushusha koili kati ya sentimita 30 na 3 kutoka ardhini, huku ukizungusha kitufe hadi mlio usibadilike. Rudia kila udongo unapobadilika rangi. Kutoka kwenye diatomaiti nyeupe hadi kwenye lava nyekundu inaweza kuwa hatua 50 tu, nayo ni kama nchi mbili tofauti kwa mashine.

Aina ya pili hutuma mapigo mafupi ya umeme, hunyamaza, kisha husikiliza mwangwi unavyofifia. Hii haisumbuliwi sana na udongo wenye sumaku, ndiyo maana wachimbaji wengi wa dhahabu huipenda. Lakini aina hii karibu haibagui. Kwenye kiwanja cha Gilgil chenye misumari ya mabati kila hatua, utachimba kila msumari. Ushauri wangu kwa anayeanza: nunua ya masafa ya chini yenye kusawazishwa kwa mkono, na ya mapigo ijenge mwenyewe ili ujifunze.

Kuijenga kunawezekana kwa fundi yeyote wa redio. Sakiti za mapigo zinazotumia chipu ya NE555 na transista moja ya nguvu zimeenea, na vipuri vyake utavipata Luthuli Avenue, Nairobi, kama hukuvikuta Nakuru. Koili ni mizunguko 25 ya waya wa shaba wenye vanishi, unene wa nusu milimita, kwenye duara la sentimita 19 au 20. Hiyo ni kama mita 15 za waya, na fundi wa kuwainda mota atakukatia. Funga mizunguko kwa uzi au utepe ibane kabisa, kisha iloweshe gundi ngumu, kwa kuwa koili inayocheza hata kidogo huleta kelele. Jambo moja la usalama: transista inapokata umeme, koili hurudisha mapigo ya mamia ya volti kwa muda mfupi sana. Usishike ncha zake mashine ikiwa imewashwa. Na ukitumia betri za lithiamu zilizotolewa kwenye laptopu kuukuu, weka fyuzi na kidhibiti cha kuchaji, la sivyo umebeba moto begani.

Hapa ndipo ninapotaka kuwakataza wengi. Kila anayefungua detekta anataka kuongeza nguvu ili ifike chini. Hesabu haikubali. Kwa kitu kidogo kama sarafu, ishara hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali: kina kikizidi mara mbili, ishara inapungua mara 64. Ukiongeza nguvu ya kutuma mara mbili, unachopata ni takriban asilimia 12 ya kina. Sarafu uliyokuwa ukiisikia kwenye sentimita 20 sasa utaisikia kwenye 22, na kwa sentimita hizo mbili umechosha betri, umepasha transista joto na umeongeza kelele ya udongo kwa kiwango kilekile. Koili kubwa zaidi inasaidia kwa vitu vikubwa, lakini inasikia udongo mwingi zaidi na kupoteza vitu vidogo.

Marekebisho yanayolipa ni ya kutuliza. Hedifoni nzuri yenye kitufe chake cha sauti itakupa zaidi ya volti zozote, kwa sababu milio ya thamani ni ile hafifu inayomezwa na upepo wa Gilgil. Waya wa koili ufunge ukaze kwenye mpini, usining'inie. Badilisha skrubu za chuma zilizo karibu na koili kwa za plastiki. Mpini wa paipu ya PVC ni mwepesi kuliko wa kiwanda, na mkono usiochoka hupitisha koili sawasawa. Kinga koili na umande kwa gundi isiyopitisha maji. Ukiizungushia karatasi ya alumini kuikinga na kelele za umeme, acha pengo dogo mwishoni. Ukiunganisha duara lote umetengeneza metali ambayo mashine itaisikia daima.

Jifunze pia kelele za hapa kwetu. Ukisikia mlio mfupi unaojirudia karibu kila sekunde hata koili ikiwa imetulia, tazama pembeni: ni fensi ya umeme ya shamba la jirani. Mngurumo usiokoma chini ya nyaya kubwa za stima hauondoki kwa kurekebisha chochote. Punguza wepesi wa mashine au sogea.

Kabla ya kwenda kwa watu, fukia nyumbani ndururu, kizibo cha soda, msumari wa bati na sarafu ya kisasa, kila kimoja kwenye kina tofauti, na uweke alama. Pitisha koili sentimita mbili juu ya ardhi, bila kuinua mkono mwishoni mwa mzunguko, kila mpito ukilalia nusu ya uliotangulia. Kisha geuka robo ya duara urudie. Ndururu italia vilevile pande zote mbili, mlio mviringo wenye mwanzo na mwisho safi. Msumari ulioitika vizuri upande mmoja utakatika au kupasuka upande wa pili. Kizibo cha soda ndicho mwongo mkubwa: ni chuma, lakini umbo lake bapa hulifanya sikio liamini ni sarafu. Sikiliza kingo za mlio wake, zina mikwaruzo. Na usishangae sarafu mpya ikilia kama chuma, kwa kuwa nyingi siku hizi ni chuma kilichopakwa. Zile zinazoshikwa na sumaku ndizo hizo.

Ukichimba, kata nyasi pande tatu, kunjua kama mlango, toa udongo juu ya gunia, kisha rudisha vyote na ukanyage. Kati ya vichaka vya leleshwa udongo ni mwepesi, na shimo lililoachwa wazi huanza korongo mvua ya kwanza ikinyesha.

Detekta ya kubebeka ilikomaa vitani. Mhandisi wa Kipolandi, Józef Kosacki, aliibuni ile iliyotumika kusafisha mabomu ya ardhini huko El Alamein mwaka 1942. Gilgil ya kijeshi haijaisha hadi leo, kwa hiyo lichukulie kwa uzito: kitu cha umbo la chupa chenye mapezi, au duara zito lenye kutu, au risasi nzima, usikiguse, usikisafishe, usikipige picha kwa karibu. Weka alama mbali nacho, ondoa watu, piga 999 au 112. Bunduki kuukuu ya porini pia ni ya polisi, hata kama babu yako aliijua.

Na ujihadhari na vyombo vyenye antena vinavyodaiwa kuelekeza kwenye dhahabu kilomita moja mbali. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga James McCormick miaka kumi kwa kuwauzia watu, wa Iraq wakiwemo, vyombo vya kugundua mabomu ambavyo ndani havikuwa na chochote kinachofanya kazi. Hakuna sakiti inayosikia sarafu kutoka ng'ambo ya barabara. Anayekuuzia vyombo hivyo muombe avifungue.

Mashine hii itakulipa kwa kazi nyingine. Viwanja vya Gilgil vimegawanywa vipande vingi, na bikoni zake za chuma zimefunikwa na udongo. Ukimsaidia jirani kuipata bikoni yake, iache pale ilipo naye aite sorovea, kwa sababu kuing'oa au kuihamisha ni kosa. Fundi wa mbao atakushukuru ukimkagulia gogo la msaiprasi lililokuwa nguzo ya ua kabla msumeno haujakutana na msumari. Anayepoteza pete ya ndoa kwenye uwanja wa mpira atakutafuta hadi nyumbani.

Kubwa zaidi ni ng'ombe. Fensi ikirekebishwa, vipande vya waya hubaki kwenye nyasi, vinaingia kwenye lishe, na ng'ombe huvimeza bila kutafuna. Vikitua tumboni vinaweza kutoboa hadi moyoni. Mnyama anaacha kula, anasimama akiwa amejikunja mgongo, maziwa yanakatika. Kwa mfugaji mdogo wa Gilgil au Kipipiri, kupoteza ng'ombe mmoja wa maziwa ni karo ya mwaka. Detekta ya bei nafuu, hata isiyobagua, inatosha kupita kando ya fensi mpya na kwenye sakafu ya shimo la saileji kabla ya kufungia lishe. Kama unayo mashine na jirani yako ana ng'ombe, mwendee wiki hii kabla hajafungia mahindi yake.